Bendera Nyekundu Mbele ya Gari la Mtukufu

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kuwa mimi ni mtu wa serikali. Napuliza tarumbeta katika Beni Kuu ya Taifa, na hii suruali yenye mistari myekundu ni mali ya taifa. Nyuma ina kiraka, lakini hata kiraka ni cha taifa. Kwa hiyo atakayesikia haya akadhani naisema vibaya nchi yetu, huyo ana lake jambo. Nchi yetu ni nzuri sana. Jina lake silitaji kwa sababu wakati huo lilikuwa linabadilishwa, na lile jipya lilikuwa bado linajaribiwa kama linaingia vizuri kwenye wimbo.

Kiongozi wetu aliitwa Mtukufu Mtangulizi. Jina alijipa mwenyewe, kutuondolea usumbufu. Katiba tuliyokuwa nayo ilikuwa fupi, na kifungu chake kikubwa kilisema hivi: hakuna mtu atakayemtangulia Mtangulizi. Mlangoni anaingia yeye kwanza, mezani ananawa yeye kwanza. Ukimkuta njiani unashuka pembeni, unavua kofia, unamwamkia, unamuuliza habari za nyumbani, unangoja mpaka vumbi lake litue. Kaburini tu ndiko tulikoruhusiwa kumtangulia, na wengi walisaidiwa kufanya hivyo.

Basi meli ikamletea gari.

Enzi hizo magari yalikuwa mageni kila mahali. Unalizungusha kwa hendeli mpaka bega linateguka, likiwaka linapiga kelele kama sufuria zinagombana, na likisimama hujui kama limefika au limekufa. Pamoja na gari yalikuja magazeti ya picha. Mtukufu akaona humo wanaume wa nchi za mbali, wamevaa kofia za ngozi na miwani ya vumbi, wanakimbizana kwa magari kutoka mji hadi mji, na watu wamejaa kandokando wanashangilia, na wengine wamelala kandokando baada ya kugongwa.

"Kwa nini sisi hatushindani?" akauliza.

"Mtukufu, gari ni moja," akajibu Mheshimiwa Nyange.

Huyu Nyange alikuwa Waziri wa Mwendo. Mimi mpaka wakati huo nilikuwa sijawahi kumwona akitembea. Alibebwa kwenye machela, akishushwa anakaa.

"Basi leteni jingine," akasema Mtukufu. "La kushindwa."

Likaagizwa gari la kushindwa, akapewa Jemadari wa Majeshi. Jemadari alishukuru sana. Alisema ni heshima ambayo baba yake hakuipata.

*

Magari yakawa mawili. Barabara hakuna.

Nyange akaitisha wahandisi, akawaambia ijengwe barabara moja iliyonyooka, pana, ya kwanza ya aina yake, ianzie kwenye ngazi za ikulu. Mhandisi mmoja, maskini, alikuwa amesoma mno, akauliza, "Inakwenda wapi?"

Swali hilo, ukilitazama vizuri, lina uhaini ndani yake. Barabara ya Mtangulizi haiendi mahali palipo na mtu tayari, kwa sababu mtu huyo atakuwa amemtangulia. Mhandisi akakabidhiwa sururu, akawa mchimbaji wa kwanza, ili aifuate mwenyewe aone inakokwenda. Ikakubaliwa kuwa barabara itakwenda mpaka iishe, na mahali itakapoishia pataitwa Ufikio.

Kila nyumba ikatoa mwanamume mmoja. Walichimba, wakabeba kokoto, wakashindilia udongo kwa magogo, wakavuta jiwe la mviringo kwa kamba kama ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwepo, lakini Wizara ya Mifugo iliwaonea huruma. Wanaume wale waliambiwa watarudi makwao barabara ikikamilika. Hilo lilikuwa neno la serikali, na serikali yetu haisemi uongo. Ilibaki tu kujua kukamilika ni nini.

Mtukufu akalijibu swali hilo mwenyewe. Barabara imekamilika, alisema, siku kikombe cha chai kitakapowekwa juu ya boneti, gari likatembea, chai isimwagike. Kila walipodhani wamemaliza, fundi wa gari la Mtukufu, jina lake Zomboko, alikuja na gari na kikombe. Gari likatembea. Chai ikamwagika. Barabara ikafumuliwa, ikaanzwa upya. Mara nyingine chai ilimwagika gari likiwa limesimama, kwa sababu injini ilikuwa inatetemeka, lakini nani aseme?

Miongoni mwa waliochukuliwa alikuwa kijana anaitwa Kondo. Walikuwa hawajamaliza hata kuezeka nyumba yeye na mkewe, Sikudhani. Nyumba ikabaki nusu ina paa, nusu ina mbingu. Sikudhani alikuwa muuza togwa, mwanamke wa maneno machache na miguu mirefu. Alikuwa anampelekea mumewe chakula kazini. Mwanzoni ilikuwa hatua chache tu kutoka sokoni. Barabara ikasogea, naye akatembea. Ikasogea tena, akaanza kukimbia ili chakula kisipoe na yeye asichelewe kurudi kuuza. Ikafika mahali alikuwa anakimbia tangu alfajiri, anamkabidhi Kondo bakuli, wanatazamana kidogo, msimamizi anapuliza filimbi, anageuka anakimbia. Halafu barabara ikaenda mbali pasipofikika kwenda na kurudi siku moja, na Sikudhani akawa hana habari za mumewe kabisa. Alikuwa hatulii. Ukimwona sokoni anauza togwa kwa kusimama, mguu mmoja unagonga chini, macho yako upande wa barabara.

Nilimwambia siku moja, "Mwanangu, kaa chini, wateja wanaogopa."

"Nikikaa nitalia," akanijibu, akanijazia kata yangu.

*

Siku ya mashindano ilipotangazwa, chai ikiwa bado inamwagika, ndipo Nyange akakumbuka sheria.

Tulikuwa na sheria ya magari kabla ya kuwa na magari. Nyange aliinakili nzima kutoka nchi fulani ya ng'ambo, kwa sababu ilikuja na jalada zuri. Sheria ilisema kila gari linalotembea barabarani sharti litanguliwe na mtu anayekwenda kwa miguu, ameshika bendera nyekundu, kuonya watu na mifugo. Haya. Na katiba inasema hakuna mtu atakayemtangulia Mtangulizi. Mnaona balaa hilo? Baraza likakaa. Mawaziri wakavuana nguo. Mmoja alipendekeza mshika bendera akimbie nyuma, mwingine akapendekeza gari liende kinyumenyume. Hatimaye Nyange akainuliwa kwenye kiti chake akasema:

"Waheshimiwa! Taa za gari ziko wapi?"

"Mbele," wakajibu.

"Je, taa za Mtukufu zinamtangulia Mtukufu?"

"La, ni zake!"

"Basi mshika bendera si mtu. Ni taa. Ni sehemu ya gari, kama tairi, kama honi. Ilipo taa lipo gari, na lilipo gari yupo Mtukufu."

Makofi yakapigwa mpaka vumbi likadondoka darini. Ikaandikwa kuwa sheria: mshika bendera ni taa. Haongei, maana taa haiongei. Hatazami nyuma, maana taa hummulika anayekuja mbele. Hasimami mpaka afike.

Tatizo likabaki moja dogo. Gari haliruhusiwi kwenda kasi kuliko taa yake, na wanaume wenye mbio wote walikuwa barabarani wanashindilia udongo. Wakaitwa wanawake. Wakakimbizwa uwanjani kuzunguka mlingoti. Sikudhani aliwapita wenzake wote, akampita na farasi wa mwamuzi.

Nilimfuata wakati wanamvalisha joho jekundu. "Unajua hutaruhusiwa kuongea na mtu?"

"Barabara inapita pale alipo?" akauliza.

"Inapita."

"Basi niacheni nikimbie."

Na zawadi ikatangazwa: atakayefika wa kwanza Ufikio ataomba jambo moja kwa Mtukufu, na Mtukufu atampa. Kwa kuwa atakayefika wa kwanza ni Mtukufu, ataomba kwake na atajipa. Watu walisifu uungwana huo.

*

Mimi na beni tulipelekwa Ufikio mapema kwa mikokoteni ya punda, pamoja na jukwaa, mizinga, mtambo wa simu ya waya, mawaziri, na kiti kikubwa cha dhahabu. Yaliyotokea njiani nimehadithiwa na Kondo, aliyekuwepo, na Zomboko, ambaye angetamani asingekuwepo.

Asubuhi ile gari la Mtukufu lilipambwa. Nyange aliacha amri lifunikwe maua, na likafunikwa hasa: maua kwenye magurudumu, maua kwenye taa zile za kioo, na mbele kabisa, pale kwenye rejeta panapopita upepo wa kupoza injini, shada kubwa lenye maneno ASANTE KWA KUTANGULIA. Mtukufu akapanda amevaa koti la ngozi, kofia ya ngozi na miwani. Zomboko akazungusha hendeli mpaka akaona nyota. Gari likawaka. Sikudhani mbele na bendera yake, gari la Mtukufu nyuma yake, na nyuma kabisa Jemadari katika gari la kushindwa, na taa yake, mama mmoja mnene ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Kasi!" Mtukufu akapiga kelele.

Sikudhani akakimbia. Jamani, alikimbia! Zomboko anasema hajawahi kuona mtu akikimbia vile bila kufukuzwa. Mtukufu alifurahi sana mwanzoni, akawa anampiga Zomboko mateke ya furaha. Miwani ikajaa vumbi, koti likajaa vumbi, masharubu yakajaa vumbi, akawa kama gunia la unga lililotoboka.

Wakafika walipo wafanyakazi. Kwa kuwa ni utovu wa adabu kibarua kumtazama Mtukufu usoni, Sajini Mtepa, msimamizi wao, alikuwa amewapanga kandokando ya barabara wakiwa wamegeuka, migongo yote barabarani. Sikudhani akawa anapita kati ya migongo. Anatafuta mgongo mmoja. Haruhusiwi kusimama wala kuita, naye hawezi kupunguza mbio kwa sababu gari linanguruma kisiginoni. Migongo yote ilikuwa imefanana, myeusi kwa jua, yenye mifupa inayohesabika. Mpaka akaona shati lenye kiraka cha kanga ya njano, kanga yake mwenyewe, alikishona kwa mkono wake. Mgongo uliokuwa ndani ya shati lile ulikuwa umebaki nusu ya ule aliouacha.

Kondo anasema alisikia miguu ikipita, akaijua. Mtu anayajua mapigo ya miguu ya mkewe, hasa mke aliyekuwa anakuja kwake kwa kukimbia. Hakugeuka, Sajini alikuwa na kiboko. Alilia akiwa ametazama kichaka.

Na Sikudhani akaongeza mbio.

*

Mbele kidogo ya hapo rejeta ikachemka. Maua yalikuwa yameiziba pumzi. Mvuke ukaruka juu na lile shada, ASANTE KWA KUTANGULIA ikaenda kutua mtini, injini ikakohoa ikanyamaza. Sikudhani alisikia mngurumo umekatika. Lakini taa haitazami nyuma, na haisimami mpaka ifike. Sheria ni sheria. Akaendelea.

Zomboko akachukua ndoo kwenda kutafuta maji. Jemadari naye alipofika alisimama, maana huwezi kumpita Mtukufu, akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Jemadari, tumeachana asubuhi hii!"

"Ndiyo, Mtukufu. Na mifugo je?"

Wakati Jemadari bado yuko kwenye mifugo, sisi huku Ufikio tukaona chembe nyekundu kwenye vumbi.

Taratibu zilikuwa wazi, Mtukufu alizitunga mwenyewe. Bendera ikionekana, beni inapiga, mizinga inalia, waya unapigwa nchi nzima kuwa Mtukufu amefika, Gazeti la Serikali linagawiwa. Gazeti lilikuwa limechapwa juzi yake na lilieleza vizuri sana jinsi alivyoshuka akitabasamu. Basi nikaweka tarumbeta mdomoni nikapuliza. Mizinga ikalia. Waya ukaenda.

Sikudhani akafika mbele ya jukwaa, akasimika bendera, akashika magoti, anahema.

Wimbo ukaisha. Tukaangalia nyuma yake. Barabara ilikuwa nyeupe, safi, haina kitu mpaka upeo wa macho.

"Gari liko wapi?" akanong'ona mtu wa ngoma kubwa.

Askari mmoja akamkemea: "Hiyo taa si ya gari? Huoni?"

Mheshimiwa Nyange jasho lilimtoka mpaka kola ikalegea. Mizinga imelia. Waya umekwenda. Aliyetunga sheria ya taa ni yeye. Na hapo, nawaapia, nilimwona Nyange kwa macho yangu akitembea. Alichukua mwavuli wa heshima, akaufungua, akaushika juu ya hewa pembeni ya Sikudhani, akaisindikiza hewa ile polepole, ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye kiti cha dhahabu.

"Karibu, Mtukufu," akasema. "Pole na safari."

Tukainama sote. Mimi niliinama mpaka kiraka cha taifa kikaachia.

*

Waya ulimfikia Sajini Mtepa barabarani. Akawaamuru vibarua washangilie, Mtukufu amefika Ufikio salama. Wakashangilia. Halafu akaona mzee mmoja mnene, mweupe kwa vumbi, amekaa kwenye gari bovu anatukana.

"We mzee, nani wewe?"

"Mimi ni Mtukufu Mtangulizi!"

Sajini alimtazama kwa huruma. Picha za Mtukufu ziko kila ukuta wa nchi yetu, na kwenye picha hizo ni kijana, mwembamba, yuko juu ya farasi.

"Mzee wangu, Mtukufu yuko Ufikio. Waya huu hapa, umepigwa na Waziri."

"Waya unasema uongo!"

"Ala! Unautukana waya wa Mtukufu mbele yangu?"

"Ni mimi niliyeamuru upigwe!"

"Hapo sasa. Kama aliyeamuru ni Mtukufu, waya ni wa kweli. Na kama waya ni wa kweli, Mtukufu yuko Ufikio. Wewe mbona uko hapa?"

Ilikuwa mara ya kwanza Mtukufu kukutana na serikali yake.

"Zomboko! Mwambie!"

Zomboko alikuwa amefika na ndoo. Akasugua ubavu wake, pale mateke ya furaha yalipokuwa yanatua. "Mimi ni fundi wa injini, afande," akasema. "Mambo ya watu siyajui."

"Jemadari! Nyota hizo nilikupa mimi!"

Jemadari akausoma waya. Akausoma tena. Akavaa kofia yake.

"Nyota zangu nilipewa na Mtukufu," akasema, "na Mtukufu amekwisha fika. Huyu bwana simfahamu. Na kama si Mtukufu, basi naweza kumpita." Akapanda gari la kushindwa, akapita. Anasema Zomboko, alipiga na honi.

Kondo ndiye aliyeamriwa kumpa yule mzee gogo la kushindilia. Alimwonyesha namna ya kulishika asitoke malengelenge.

*

Hotuba ya Nyange ilikuwa ndefu kiasi kwamba Jemadari alifika haijaisha.

"Leo umbali umesalimu amri!" Nyange alikuwa ananguruma. "Leo upepo unauliza njia! Mataifa yaliyofika kabla yetu yalifika kwa sababu yalitangulia. Sisi tumefika kwa sababu tunaye Mtangulizi! Nani aliyemwona akija? Hakuna! Hiyo ndiyo kasi!"

Jemadari akakitazama kiti kitupu. Akamtazama Nyange. Akapiga saluti.

Ikafika zawadi. Nyange akainamisha sikio kwenye kiti, akajikohoza. "Mtukufu anasema..."

Mkono wa Jemadari ukaenda kwenye upanga. "Umemsikia kwa sikio lipi, Waziri? Mimi naona anazungumza na jeshi."

"Na jeshi limeanza lini kuisemea serikali?"

Wakatazamana. Kila mmoja alijua mwenziwe akikisemea kiti leo, kesho atanyongwa kwa amri ya kiti. Ndipo wote wawili, kwa pamoja, wakageuka kwa Sikudhani.

"Taa," akasema Nyange, "wewe ndiwe uliyekuja naye. Mtukufu anasemaje?"

Sikudhani hakuwa na pumzi ya kusema mengi. "Maji," akasema.

Maji yakaletwa kwenye kikombe cha dhahabu, yakawekwa kwa adabu mbele ya kiti. Sikudhani akayatazama yale maji. Akakitazama kiti. Akatutazama sisi wote tuliokuwa tumeinama.

"Mtukufu anasema," akasema taratibu, "taa ipewe maji."

Akapewa. Akanywa yote. Nilikuwa karibu, nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango siku zote na leo kagundua unavutwa.

"Na zawadi?" akauliza Nyange. "Mshindi anaomba nini?"

"Anaomba watu wa barabara warudi makwao. Leo hii."

"Wote?"

"Unataka nimwambie Mtukufu arudie?"

Waya ukapigwa palepale. Barabara ile ikajaa wanaume wanaorudi nyumbani, wengine wanakimbia, wengine wanachechemea, wengine wanaimba. Mimi nililia, siwafichi. Nilipiga tarumbeta huku machozi yanaingia ndani, ikatoa sauti ya bata. Kibarua mmoja tu ndiye aliyebaki, yule mzee mnene, kwa sababu kila nyumba ilikuja kudai mtu wake na hakuna nyumba iliyokuja kumdai yeye.

*

Mnadhani Sikudhani alikwenda nyumbani siku ile? Alivua joho, akatafuta njia ya kushuka jukwaani. Nyange akamzuia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu. Mume wangu amerudi."

"Taa haina mume," akasema Nyange. "Taa ya Mtukufu inakaa na Mtukufu."

Kiti kikapakiwa kwenye mkokoteni kikarudishwa ikulu, na Sikudhani amesimama pembeni yake. Kila asubuhi mawaziri wanapanga mstari: Mtukufu anasemaje kuhusu kodi ya chumvi? Mtukufu anasemaje kuhusu waliofungwa? Naye anawajibu kwa sauti yake ndogo ile ile ya sokoni. Chumvi ikashuka. Magereza yakafunguliwa. Gazeti la Serikali likaandika kuwa Mtukufu tangu ashinde mashindano amepata hekima na amepungua unene. Hakuna aliyebisha.

Lakini alikuwa hatulii. Mguu unagonga sakafu, macho yako dirishani. Alfajiri moja akatoroka. Alitaka kwenda kumwona Kondo tu, wanywe chai, arudi. Hakufika hata sokoni. Alikutana na askari wanakokota wanaume kwa kamba, magogo ya kushindilia yamepakiwa tayari. Nyange na Jemadari, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, walikuwa wamekubaliana jambo: kiti kimekohoa, na kikohozi kile maana yake barabara iendelee mbele ya Ufikio.

Sikudhani aligeuka akakimbia kurudi, ngazi za ikulu akazipanda mbili mbili.

"Mtukufu alikuwa anapiga chafya!" akasema mlangoni. "Vumbi tu! Wafungueni hao watu!"

Wakafunguliwa. Kutoka siku hiyo hakuondoka tena pembeni ya kile kiti, hata hatua moja. Analala hapo, anakula hapo. Nyange na Jemadari nao wamehamia pale pale, mmoja kulia, mmoja kushoto, wanamwangalia kama paka wawili wanaongoja mama mpishi asinzie.

Na juzi ilikuwa siku ya raia kuleta maombi. Kila mtu anaingia, mimi napuliza, anakiinamia kiti, anasema shida yake. Nikainua tarumbeta kwa mtu aliyefuata, nikaishusha. Alikuwa Kondo. Amevaa kanzu iliyofuliwa, amenyoa, mikono yake mikubwa ile hajui aiweke wapi.

"Sema, raia," akasema Nyange.

"Naomba mke wangu arudi nyumbani," akasema Kondo. "Nimemaliza kuezeka."

Nyange akatabasamu, tabasamu lililofika masikioni. Jemadari akajiegemeza mbele. Kule pembeni mpiga waya akaweka kidole tayari kwenye mtambo. Wote walijua, nami nilijua: aondoke leo, na kabla ya adhuhuri kamba zitakuwa shingoni mwa watu, na ya kwanza itakuwa shingoni mwa huyu huyu aliyesimama hapa.

"Taa," akasema Nyange kwa upole mwingi, "Mtukufu anasemaje?"

Sikudhani alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, mguu wake umetulia kabisa, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Umeanza kunenepa," akasema.

"Hilo ni la Mtukufu?" akauliza Jemadari.

"La Mtukufu." Akashika mkono wa kile kiti kwa nguvu. "Mtukufu anasema..."

Tukangoja.

"Mtukufu anasema, njoo kesho."

Kondo hakukitazama kiti. Alimtazama mkewe, akatikisa kichwa polepole kukubali, akavaa kofia, akatoka kwa adabu.

Kesho yake hata madirisha tulikuwa hatujafungua, na yeye alikuwa amekwisha simama mlangoni.